Kutu kwenye Zana za Kilimo: Namna ya Kuiondoa na Kuizuia

Jembe, panga, mundu na shoka ni mtaji wa kwanza wa mkulima mdogo wa Kigoma. Zana hizo zikishikwa na kutu, makali hupotea, udongo hunata kwenye bapa la jembe, na mkulima hutumia nguvu nyingi kwa kazi ndogo. Matunzo yanayohitajika ni machache, na vifaa vyake hupatikana katika soko lolote la mkoa huo.

Chanzo cha kutu

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji pamoja na oksijeni. Kimojawapo kikizuiwa kukifikia chuma, kutu haiendelei. Tabaka lake lina vinyweleo vinavyotunza unyevu, hivyo halikikingi chuma kilicho chini yake, bali uharibifu huendelea kwenda ndani.

Chumvi huharakisha hali hiyo. Kwa kuwa maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, zana za Kigoma na Ujiji haziliwi kwa kasi ya zile za mwambao wa Bahari ya Hindi. Hata hivyo, unyevu wa masika, udongo wa mfinyanzi ulioachwa kwenye bapa na mbolea za viwandani hutosha kuziharibu. Aidha, si vema kuweka zana karibu na magunia ya mbolea au ya chumvi, ikiwemo ile inayozalishwa Uvinza.

Funzo la MV Liemba

Historia ya Kigoma ina ushahidi mkubwa wa faida ya kukikinga chuma. Meli ya MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Mwezi Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Kabla ya kufanya hivyo, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo hiyo ilikutwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarejea kazini kwa jina la Liemba. Kanuni iliyookoa mitambo ya meli ndiyo inayolinda jembe: tabaka la mafuta hutenga chuma na maji na hewa.

Hatua za kuondoa kutu

Kwanza, osha zana kwa maji na sabuni hadi udongo wote utoke, kisha ikaushe.

Pili, kwa kutu nyepesi, sugua kwa brashi ya waya, msasa au mchanga mkavu.

Tatu, kwa kutu sugu, loweka sehemu ya chuma katika siki au maji ya limau kwa saa kadhaa, au usiku kucha, kisha sugua tena. Asidi hiyo hulegeza kutu. Vifaa vilivyopakwa zinki, kama ndoo za bati, visilowekwe, kwa kuwa asidi huondoa zinki inayovikinga.

Nne, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua nguvu ya asidi, kisha kwa maji safi, na ukaushe mara moja. Chuma kilichotoka kusafishwa hushika kutu upesi kikiachwa na unyevu.

Tano, noa kwa tupa, kisha paka mafuta membamba kwa kitambaa.

Kuzuia kutu

Kila baada ya kazi, kwangua udongo, futa na kausha. Tundika zana ukutani, mahali pakavu penye hewa, badala ya kuziegemeza kwenye sakafu ya udongo. Kwa matumizi ya kila siku, mawese kidogo yanaweza kusaidia. Lakini mafuta ya kula yakikaa huchacha na kuwa na asidi, hivyo kwa kuhifadhi kiangazi kizima ni bora kutumia grisi. Mafuta machafu ya injini yaepukwe, kwani huchafua udongo na mazao.

Tahadhari

Vaa glavu na ukinge macho unaposugua. Usichanganye siki au limau na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Ni vema pia kufahamu kuwa pepopunda haisababishwi na kutu yenyewe, bali na bakteria waishio kwenye udongo na samadi. Panga linalong'aa lenye udongo linaweza kuambukiza sawa na lililo na kutu. Aliyejikata aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha afike kituo cha afya bila kuchelewa ili apatiwe ushauri kuhusu chanjo.