Jina la aliyepotea: kutoka fishi za 1994 hadi wizi wa data ya CICR

Mwezi wa saba mwaka 1994, karibu watu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma na viunga vyake kwa siku chache tu. Walilala barabarani na juu ya mawe ya volkano. Kipindupindu kikawakuta hapo hapo, na katika mwezi wa kwanza vifo vilikaribia 50,000. Katika msongamano ule, mtoto aliyeachia mkono wa mama yake kwa dakika moja aliweza kukaa miaka bila kumwona tena.

Ndipo kazi ya majina ilipoanza. Wafanyakazi wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, pamoja na UNICEF na mashirika mengine ya kiutu, walipita kambini wakiwa na kalamu na fishi. Maswali yalikuwa mafupi: unaitwa nani, baba yako ni nani, mama yako ni nani, mlitoka kilima gani, ulikuwa na nani mara ya mwisho? Mtoto mdogo asiyejua kutaja jina lake alipigwa picha. Inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 100,000 walitenganishwa na familia zao katika ukanda huu. Mwaka huohuo BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachokutanisha familia. Majina ya waliotafutwa yalisomwa redioni, na mtu akiwa amekaa mbele ya hema lake aliweza kusikia jina la ndugu aliyedhani amekufa.

Kazi hiyo ina historia ndefu kuliko kambi za Goma. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, CICR ilifungua ofisi Geneva, Uswisi, ikajaza kadi zipatazo milioni 7 kuhusu wafungwa wa vita wapatao milioni 2. Ulinzi wa kadi zile ulikuwa kabati, mlango na mlinzi. Mwizi aliyezitaka alipaswa kuja mwenyewe na kubeba masanduku.

Lakini orodha ya majina ina sura mbili. Nchini Rwanda, utawala wa Ubelgiji ulianzisha miaka ya 1930 kitambulisho kilichotaja kabila la mwenye nacho. Mwaka 1994 kitambulisho hichohicho kiliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, na kwa Watutsi neno moja lililoandikwa pale lilikuwa hukumu ya kifo. Baada ya mauaji ya kimbari, serikali mpya iliondoa kabila kwenye vitambulisho. Kwa hiyo katika eneo la Maziwa Makuu hakuna haja ya kumweleza mtu kwamba karatasi yenye jina lake inaweza kumrudisha nyumbani, na inaweza pia kumfikisha mikononi mwa anayemwinda.

Kadiri miaka ilivyopita, fishi ziliingia kwenye kompyuta. Faida yake ni kubwa. Jina la mtoto aliyeandikishwa Goma linaweza kulinganishwa na jina linalotafutwa na shangazi yake aliye kambi ya Nakivale, Uganda, bila kungoja barua ivuke mipaka. Ila kabati na mlango havikutosha tena, na ulinzi ukawa wa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kusimba data, yaani kugeuza maandishi yawe alama zisizosomeka na asiye na ufunguo. Namna ya pili ni kusimamia utambulisho wa watumiaji: kujua ni nani anayeingia, kuhakikisha ni yeye kweli, kumpa ruhusa ya kuona yale tu yanayohusu kazi yake, na kumfungia siku anapoacha kazi. Kila anayetuma pesa kwa simu anaelewa jambo hili. Pesa inaweza kuwa salama kwenye kampuni, lakini aliyepata namba yako ya siri ataitoa kana kwamba ni wewe. Mfumo hauoni sura. Unaona namba tu.

Hilo ndilo lililoipata CICR. Tarehe 9 Novemba 2021, wadukuzi waliingia kwenye kompyuta zake kuu. Walipitia kasoro ya programu inayosimamia maneno ya siri ya wafanyakazi na namna wanavyoingia kwenye mfumo. Marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yametolewa tangu Septemba, lakini CICR haikuyaweka kwa wakati. Wizi uligunduliwa tarehe 18 Januari 2022, baada ya siku 70.

Kesho yake CICR iliutangazia ulimwengu. Data ya watu zaidi ya 515,000 ilikuwa imefikiwa: waliotengwa na familia zao kwa vita, uhamiaji au majanga, waliopotea na ndugu zao, na watu walio kizuizini. Ilikuwa imekusanywa na vyama vya kitaifa visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Ndani yake mlikuwa na majina, mahali watu walipo na namna ya kuwapata.

Jambo la kuzingatia zaidi ni hili: data ile ilikuwa imesimbwa. CICR yenyewe ilieleza kwamba wadukuzi, wakiisha kuingia, waliweza kujifanya watumiaji halali au wasimamizi wa mfumo, na kwa njia hiyo wakaifikia data licha ya kusimbwa. Kufuli halikuvunjwa. Mlango ulifunguliwa na mtu aliyevaa jina la mwenye ufunguo.

Hasara ilionekana mara moja. Ilibidi mifumo ya kuunganisha familia izimwe, na kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ikikutanisha kwa wastani watu 12 waliopotea na familia zao kila siku. Mkurugenzi mkuu, Robert Mardini, aliwasihi waliofanya kitendo hicho wasiuze wala kusambaza data hiyo. CICR ilisema wakati ule kwamba haikuwa na ushahidi wa uhakika kuwa data imechapishwa au kuuzwa. Wahusika walijulishwa kwa simu, barua na matangazo, na mahali pengine timu zilisafiri hadi vijijini kuwaambia ana kwa ana. Mifumo iliporudi, iliwekewa ukaguzi wa hatua mbili: neno la siri peke yake halifungui tena.

Kwa familia za Goma habari hii haiko mbali. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuchukua mji, na mwezi uliofuata kambi za wahami kama Bulengo na Lushagala zikabomolewa kwa siku chache. Watu walitawanyika, na kwa mara nyingine kuna mzazi anayemtafuta mtoto. Kila familia iliyopita kambini iliacha jina mahali fulani: kwenye orodha ya jetoni, kwenye daftari la kituo cha afya, pengine na alama ya kidole. Maghala ya misaada yaliporwa siku zile za mapigano. Unga ulioibwa unaweza kuletwa mwingine, lakini alama ya kidole ikishachukuliwa, mwenyewe hapewi kidole kipya.

Congo ina Kanuni ya Kidijitali, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, ambayo inampa raia haki juu ya data yake binafsi. Hata kabla ya kufika kwa mwanasheria, aliye kwenye foleni ya kuandikishwa ana maswali ya kuuliza: shirika gani linaandika, kwa kazi gani, nani mwingine ataona, na je, naweza kukataa swali moja nikabaki kwenye orodha? Huduma ya CICR ya kutafuta ndugu ni ya bure. Anayedai pesa, au anayeomba namba ya siri ya simu ili “kumtafuta mtoto”, ni mwizi.

Mama aliyetaja jina la mtoto wake mwaka 1994 hakuwa na kingine cha kutoa. Alilitoa kwa kumwamini aliyeshika kalamu, na leo bado hutolewa kwa imani hiyohiyo. Anayelipokea, awe na daftari au kompyuta, anapaswa kujua kila siku ni nani ana ufunguo.