Max Looff

Max Looff (1874–1954) alikuwa afisa wa jeshi la majini la Ujerumani. Anajulikana hasa kama nahodha wa SMS Königsberg, manowari iliyopigana katika Bahari ya Hindi mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kuishia katika delta ya mto Rufiji, Tanzania, tarehe 11 Julai 1915. Baada ya kupoteza meli yake aliendelea kupigana nchi kavu hadi alipotekwa katika nyanda za juu za Makonde mnamo Novemba 1917.

Kufika Afrika ya Mashariki

Looff alizaliwa Strasbourg, mji uliokuwa wakati ule chini ya Ujerumani na leo uko Ufaransa. Alikabidhiwa Königsberg mwezi Aprili 1914, na mwanzoni mwa Juni meli ilifika Dar es Salaam, makao makuu ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Ilikuwa na mizinga mikubwa 10 na mabomba matatu ya moshi. Wenyeji wa pwani waliiita "manowari na bomba tatu".

Vita ilipokaribia, Looff aliogopa kufungiwa bandarini. Aliondoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, siku chache kabla Uingereza haijatangaza vita dhidi ya Ujerumani. Mwezi Agosti aliiteka meli ya mizigo ya Kiingereza City of Winchester karibu na pwani ya Uarabuni, akachukua makaa yake ya mawe kisha akaizamisha. Shida yake kubwa ilikuwa makaa. Bila makaa meli ya mvuke haiendi, na Waingereza waliyanunua makaa yaliyokuwepo katika bandari za Wareno ili asiyapate. Mwanzoni mwa Septemba aliingia katika delta ya Rufiji, ambako mikoko na vijito vingi vilimficha. Wajerumani walikuwa wamepima vijito hivyo kabla ya vita. Waingereza walidhani meli kubwa haiwezi kupita humo.

Shambulio la Zanzibar

Looff alipata habari kwamba manowari ya Kiingereza iko katika bandari ya Zanzibar. Alitoka Rufiji usiku, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 aliishambulia HMS Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ili mitambo yake itengenezwe. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika mbali kama ya Königsberg. Katika muda mfupi meli hiyo iliharibiwa, na baadaye ilizama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao walizikwa katika kisiwa cha Chapwani karibu na mji wa Zanzibar.

Hayo ndiyo mafanikio makubwa ya Looff, na pia ndiyo ya mwisho baharini. Mtambo wa Königsberg uliharibika, akalazimika kurudi Rufiji. Vipuri vilivyovunjika vilibebwa na kuvutwa na vibarua Waafrika kwa njia ya nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha vikarudishwa kwa njia hiyohiyo.

Kuzingirwa Rufiji

Waingereza walituma manowari tatu, Chatham, Dartmouth na Weymouth, kumtafuta. Mwishoni mwa Oktoba 1914 Chatham iligundua mahali alipo. Tarehe 10 Novemba Waingereza waliizamisha kwa makusudi meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba mkondo mmoja wa mto. Walileta pia ndege ya kutua majini, na rubani H. Dennis Cutler aliiona Königsberg akiwa angani. Mwezi Januari 1915 waliteka kisiwa cha Mafia, wakakifanya kituo cha ndege zao.

Meli ya msaada, Rubens, ilitumwa kutoka Ujerumani ikijifanya meli ya Denmark. Mwezi Aprili 1915 ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Makaa hayakumfikia Looff, ingawa silaha na risasi nyingi ziliokolewa na kutumiwa na jeshi la nchi kavu. Wakati huo mabaharia wake wengi walikuwa wameugua malaria, na baadhi walikuwa wamekwisha kupelekwa kupigana nchi kavu.

Mwishowe Waingereza walileta Severn na Mersey, meli za vita zenye tumbo bapa zinazoweza kupita penye maji ya kina kifupi. Shambulio la kwanza, tarehe 6 Julai 1915, lilishindwa, na Mersey ilipigwa vibaya. Tarehe 11 Julai walirudi. Ndege iliyokuwa juu iliwaelekeza wapigaji mizinga mpaka walipolenga sawasawa. Looff alijeruhiwa, akaamuru meli ilipuliwe kwa topido ili isitekwe.

Mizinga nchi kavu

Meli ilizama katika maji ya kina kifupi, kwa hiyo mizinga yote 10 iliweza kuopolewa. Ilivutwa hadi Dar es Salaam, ambako mafundi waliitengenezea magurudumu. Kutoka hapo ilisambazwa katika koloni: mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Goetzen katika ziwa Tanganyika, meli ambayo siku hizi inaitwa MV Liemba, na mingine ilipelekwa kwenye medani za vita kaskazini na kusini.

Vita hiyo ilifika pia nchi zilizo mbali kabisa na bahari. Mwezi Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa Viktoria, wakaushambulia mji wa Bukoba na kukiharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Mwezi Juni 1916 jeshi la Ubelgiji, likitoka Rwanda na Burundi, lilipita katika nchi ambayo leo ni wilaya za Ngara na Biharamulo na kuichukua boma ya Biharamulo. Mwanza ilitekwa mwezi Julai, na Tabora mwezi Septemba mwaka huohuo.

Looff mwenyewe aliongoza vikosi Dar es Salaam, iliyotekwa Septemba 1916, na baadaye upande wa Lindi. Mnamo Novemba 1917 Paul von Lettow-Vorbeck alipojiandaa kuvuka mto Ruvuma, aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wengi. Looff alikuwa miongoni mwa waliotekwa na Waingereza.

Wapagazi

Mabaharia wa Königsberg wameandikwa katika vitabu vingi, na Looff mwenyewe alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1929. Watu waliovuta mizinga, kubeba vipuri na kutoa chakula chao kwa ajili ya askari hawakuandikwa majina. Barabara zilikuwa chache na mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo, hivyo mzinga mmoja ulihitaji mamia ya watu wenye kamba. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Pande zote za vita zilitegemea wapagazi, na kwa upande wa Waingereza peke yao inakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000 walikufa, hasa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo.

Baada ya vita

Looff alirudi Ujerumani na kufikia cheo cha makamu wa admirali kabla ya kustaafu. Alifariki mwaka 1954. Mabaki ya Königsberg yalionekana Rufiji kwa miaka mingi kabla ya kumezwa na tope. Mzinga wake mmoja uko Pretoria, Afrika Kusini. Mwingine uko Ngome ya Yesu, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, meli aliyoizamisha Zanzibar.