Moto, Mafuta, Hewa: Ufundi wa Gari Lisilowaka

Siku hizi husemwa kwamba fundi wa zamani alibahatisha tu, na kwamba kupima injini kwa uhakika kumekuja na kompyuta. Historia ya gereji za Afrika Mashariki haikubaliani na dai hilo. Tuchukue Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Zile za kawaida za barabarani zilitumia kabureta, na moto wa plagi ulitegemea pointi zilizomo ndani ya distribyuta, mfumo uliotokana na kazi ya Charles Kettering huko Marekani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Gari lisipowaka, fundi alichomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma cha injini huku msaidizi akipiga stata. Cheche ikitoka ya buluu na yenye mlio, moto upo, basi mafuta yatafutwe. Ikitoka nyekundu na dhaifu, distribyuta inafunguliwa, pointi zinapitishwa msasa na kupimwa mwanya wake, ambao haufiki hata nusu milimita. Gari lililowaka vizuri asubuhi likazimika mchana mlimani lilimfanya ashuku petroli iliyogeuka mvuke ndani ya pampu, akaizungushia kitambaa kilicholowa maji. Likizimika kila linapoachwa lingurume bila kukanyagwa mafuta, alikagua jeti ya kabureta na gasketi iliyo chini yake, isije ikawa inavuta hewa. Kila hatua ilifuta chanzo kimoja kabla ya kugusa kingine. Huko si kubahatisha.

Atakayepinga atauliza: mbona wapo mafundi wanaobadilisha kipuri hiki na kile mpaka gari likubali au mwenye gari aishiwe? Wapo, tena wengi. Lakini tabia hiyo ina umri wake. Tanzania ilipokaukiwa fedha za kigeni baada ya vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, plagi mpya ilikuwa ya kuhangaikia. Fundi asiyejua ubovu uko wapi hakuwa na cha kubadilisha. Uhaba ulimlazimisha apime. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari ya mitumba kutoka Japani yakafurika na vipuri vyake vikarundikana madukani, kubahatisha kukawa rahisi kuliko kufikiri. Mimi naulaumu wingi huo kuliko ujinga wa mafundi.

Kompyuta nayo haikumaliza kazi ya kupima. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kusoma hitilafu kwa magari mapya kuanzia 1996, na mashine ikitoa P0171 inasema tu kwamba hewa imezidi petroli. Huenda pampu imechoka, sensa ya hewa imechafuka, au mpira wa hewa umepasuka. Ni ile hesabu ya zamani ya mafuta na hewa. Ni kweli kwamba sikio halitaisikia sensa ya krenki inayokufa injini ikipata moto, na kule kuchomoa waya ili kuona cheche kunaweza kuunguza koili za kisasa. Mashine inahitajika, ila inaonyesha pa kuanzia kupima. Fundi akikuletea namba ya hitilafu na bei ya sensa kwa pamoja, muulize kwanza amepima nini.