Victor wa Aveyron na historia ya mafundisho ya kujitegemea

1. Suala lenyewe

Katika vitabu vya isimu, jina la Victor wa Aveyron hutajwa hasa kwa ajili ya swali moja: je, mtoto aliyekosa lugha utotoni aweza kuipata baadaye? Jibu hutolewa upesi, kwamba hakuipata, na habari yake huishia hapo. Hata hivyo, ripoti mbili za mwalimu wake, ya 1801 na ya 1806, zina jambo jingine lisilosomwa sana. Zaeleza hatua kwa hatua jinsi kijana aliyehesabiwa kuwa hafundishiki alivyojifunza kuvaa, kuandika meza na kufanya kazi za nyumbani. Kwa sababu hiyo zinastahili nafasi katika historia ya elimu ya vijana wenye ulemavu na wenye usonji.

2. Mafunzo ya mwili

Mvulana huyo alitokea mwituni karibu na Saint-Sernin, kusini mwa Ufaransa, mnamo Januari 1800, akikadiriwa kuwa na miaka 11 au 12. Mwaka huohuo alipelekwa Paris, katika Taasisi ya Viziwi. Tabibu mashuhuri Philippe Pinel alimchunguza, akaamua kwamba ni punguani asiye na tumaini. Jean Itard, daktari kijana wa taasisi hiyo, hakuridhika na hukumu hiyo. Alijiwekea malengo matano, na kumfundisha kusema lilikuwa mojawapo tu. Malezi ya kila siku yalikabidhiwa kwa Bibi Guérin, aliyelipwa na serikali.

Mwanzoni Victor hakujali joto wala baridi. Itard aliagiza aogeshwe kwa maji ya moto kila siku, kwa muda mrefu. Baada ya miezi kadhaa kijana alianza kuyapima maji kwa kidole, akakataa kuingia yalipokuwa vuguvugu. Kisha nguo zikawekwa karibu naye asubuhi ya baridi, naye akaachwa mpaka azivae mwenyewe. Njia hiyo yaonekana kuwa kali leo, lakini msingi wake ulikuwa thabiti: mtu hujifunza kuvaa nguo akiisha kuona haja ya nguo.

3. Neno na kazi

Katika usemi, Itard alivunjika moyo. Victor aliweza kutamka neno la Kifaransa «lait», yaani maziwa, lakini alilitamka akiisha kuyapata, kwa furaha, wala si kwa kuyaomba. Mwalimu aliliona tamko hilo kuwa halina faida. Lakini siku moja, alipokuwa akienda nyumba alimozoea kupewa maziwa, kijana alichukua mwenyewe herufi nne, akafika na kuzipanga mezani: L-A-I-T. Vilevile, wageni walipomchosha, aliwaletea kofia, glovu na fimbo zao, nao wakaelewa kwamba saa ya kuondoka imefika. Lugha ya kinywa ilimshinda, mawasiliano hayakumshinda.

Kazi nazo alizipenda. Alipasua kuni kwa msumeno, alichota maji, aliandika meza. Ripoti ya 1806 yasimulia kwamba mume wa Bibi Guérin alipofariki, Victor aliweka sahani ya marehemu mahali pake kama kawaida. Mama huyo akalia. Kijana aliiondoa sahani, akairudisha kabatini, wala hakuiweka tena.

Hata hivyo Itard aliacha mafunzo, kwa kuwa usemi haukuja. Victor aliishi na Bibi Guérin hadi kufa kwake mwaka 1828.

4. Warithi

Édouard Séguin, mwanafunzi wa Itard, aliandika mwaka 1846 kitabu kikubwa juu ya elimu ya watoto wenye ulemavu wa akili, kisha akahamia Marekani. Maria Montessori alinakili kwa mkono maandishi ya wawili hao na kuyatia katika Kiitaliano; katika shule aliyoifungua Roma mwaka 1907, kufunga vifungo na kumimina maji yalikuwa masomo kamili. Mwaka 1943 Leo Kanner alieleza hali ya watoto 11, na usonji ukapata jina katika utabibu. Mwaka 1972 mpango wa Eric Schopler ulienea katika jimbo la North Carolina: kazi hugawanywa vipande, hupangwa kwa picha, na mwisho wake huonekana wazi.

Uta Frith aliandika mwaka 1989 kwamba huenda Victor mwenyewe alikuwa na usonji. Harlan Lane, mwaka 1976, alikuwa amelikataa wazo hilo. Mjadala huo haubadili somo linalotokana na ripoti.

5. Maana ya kujitegemea

Neno la Kiswahili lililopewa mafundisho haya lahitaji uangalifu. Kiambishi -ji- katika «kujitegemea» chaweza kumfanya msomaji adhani kwamba mtu asitegemee mwingine. Julius Nyerere alipolitumia shuleni mwaka 1967, alikusudia jamii inayoshirikiana. Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha Berkeley mwaka 1972, alifundisha jambo linalokaribiana na hilo: aliyesaidiwa kuvaa aweza kujitegemea, mradi yeye ndiye aamuaye avae nini na aende wapi. Hata wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Sheria ya Kongo ya 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Mwalimu atakayeitekeleza atakabiliwa na kishawishi kilekile cha Itard: kumpima kijana kwa lile analolikosa. Itard alisubiri neno kwa miaka mitano, huku Victor, jikoni mwa Bibi Guérin, akijifunza kuishi na watu.