Neno Moja la Kiingereza na Wasomaji wa Kwanza wa Buhaya

Waingereza wana neno «overlook». Maana yake ni kuwa juu ya mahali na kupaona pote, kama asimamaye kilimani akiitazama Bukoba na ziwa lake. Tena ni kupitisha macho juu ya kitu usikione. Neno moja, maana mbili zishindanazo! Neno «neglect» ni jingine: ni kuacha kwa uzembe kitu upaswacho kukitunza. Na «ignore» ni kujua, kisha kujifanya hujui.

Husemwa mara nyingi ya kuwa kanisa la Kiprotestanti lilianza Buhaya mwaka 1910, walipofika wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani. Walakini wageni hao waliwakuta wasomaji tayari. Wahaya waliokwenda Buganda walikuwa wamerudi na vitabu vya Kiganda, wakafundishana nyumbani. Mmoja wao ni Andrea Kajerero. Hata vita vya 1914–1918 vilipowaondoa wamisionari, ni Wakristo wenyeji walioshika sharika.

Je, neno gani lawafaa? Si «ignore», maana wamisionari waliwajua, wakasaidiwa nao. Twaona ni lile la kwanza: aliye juu aliona nyumba yote, asimwone aliyechimba msingi.

Askofu Josiah Kibira, Mhaya mwenzetu, aliandika habari za kanisa hilo katika kitabu cha mwaka 1974. Lakini alikiandika kwa Kiingereza, na wajukuu wengi wa wasomaji wale hawaisomi lugha hiyo.