Maji ya Kinna

Leo twaomba mfuatane nasi mpaka Kinna, katika Isiolo. Wengi wenu hulisikia jina hilo wakati wa njaa tu, yanapotangazwa malori ya mahindi. Sisi twataka kuieleza Kinna kama kijiji, chenye mahali pake na habari zake, kwa kuwa tumechoka kusikia, hata ndani ya makanisa yetu, kwamba watu wa kule ni watu wa kungoja posho.

Mtu akitoka Maua, penye hospitali ya Wamethodisti, huteremka mlima kuelekea Mbuga ya Meru, kisha hushika njia ya kaskazini. Kule juu ameacha ndizi, chai na miraa, na baridi ya asubuhi. Chini hukuta joto, migunga na vumbi jekundu. Ikweta imepita kusini kidogo ya kijiji. Nyuma yake imesimama milima ya Nyambene, ambayo kilele chake chafika meta 2,500 na zaidi. Milima hiyo ilifanywa na moto uliotoka chini ya nchi, na mawe yake yana vitundu vingi. Mvua ikinyesha juu, maji mengi hayakimbii juu ya ardhi bali huzama ndani ya mawe, husafiri gizani, kisha hutokea tena chini ya mlima. Hizo ndizo chemchemi za Kinna. Vijito vingi vya Mbuga ya Meru vyatoka katika milima hiyohiyo, navyo huenda kumwaga maji katika mto Tana.

Basi Kinna iko pale kwa sababu ya maji. Lakini maji peke yake hayafanyi kijiji. Kwa miaka mingi wafugaji walifika, wakanywesha, wakaondoka.

Wenyeji wake wengi ni Waborana wa Waso, yaani wa mto Ewaso Ng'iro, nao ni Waislamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wengi wao walihamia nchi ya Waso kutoka Wajir, baada ya ugomvi mrefu na Wasomali juu ya visima, na Serikali ya Kiingereza ndiyo iliyoweka mipaka ya nani akae wapi. Uislamu ulienea kwao hasa katika miaka hiyo ya Waso. Nchi yote ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa sheria tangu 1902, mtu asiingie wala kutoka bila ruhusa. Yafaa tulikumbuke jambo hilo, kwa maana wengi husema kaskazini iko nyuma, na hawasemi kwamba mlango ulifungwa kutoka nje.

Huko Uingereza hata kijiji kidogo huweza kusoma habari zake katika daftari za kanisa, maana tangu 1538 mapadre wa kila parokia waliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Kinna haina daftari la namna hiyo. Waborana huzishika habari kwa kuipa miaka majina. Na jina moja latosha kumnyamazisha mzee yeyote wa kule: Gaafa Daaba, maana yake wakati wa kusimamishwa.

Ilikuwa hivi. Uhuru ulipokaribia, watu wa kaskazini waliulizwa mwaka wa 1962 kama wataka kukaa Kenya au kuungana na Somalia. Waborana wa Isiolo waligawanyika. Mwezi wa Juni 1963 DC wa Isiolo, Bwana Daudi Dabasso Wabera, na Chifu Haji Galma Dida waliuawa karibu na Modogashe. Wote wawili walikuwa Waborana, na wote wawili walitaka watu wao wabaki Kenya. Mwisho wa Desemba mwaka uleule, Uhuru ukiwa na siku chache tu, Serikali ilitangaza hali ya hatari huko kaskazini. Vita vya shifta vikaanza.

Mwaka wa 1966 Serikali iliamua kuwakusanya watu katika kambi. Garba Tula na Merti zilikuwa miongoni mwake. Mnyama aliyekutwa nje ya eneo lililoruhusiwa aliweza kunyang'anywa au kupigwa risasi, na ngamia alishukiwa kuliko wote, kwa kuwa walisema ndiye abebaye mizigo ya shifta. Tafakarini, ndugu zetu. Ng'ombe mia tano hawawezi kuishi kwa majani ya mahali pamoja. Mfugaji huishi kwa kuhama, na akisimamishwa, mali yake hufa mbele ya macho yake. Ndiyo maana ya jina lile. Gudrun Dahl, mtaalamu wa Sweden aliyekaa na Waborana wa Waso na kuandika kitabu juu yao mwaka wa 1979, aliueleza umaskini huo vizuri: haukuwa wa asili, ulikuwa na tarehe.

Mapatano yalifanyika Arusha mwezi wa Oktoba 1967, Rais Kaunda akiwa mpatanishi. Amani ilikuja, lakini ngamia walikuwa karibu wameisha. Tena ukame wa mwanzo wa miaka ya 1970 ukawachukua wengi wa wale waliosalia. Na sheria za hatari hazikuondolewa kaskazini mpaka 1991. Mtoto aliyezaliwa wakati wa Uhuru alikuwa na umri wa miaka ishirini na nane siku alipoanza kuishi chini ya sheria sawa na za Mkenya wa Nakuru!

Hapo ndipo Kinna ilipokua kuwa kijiji cha kudumu. Mtu asiye na ngamia hana sababu ya kurudi nyikani. Hukaa penye maji. Serikali, Umoja wa Mataifa na makanisa walileta mahindi Isiolo, kisha wakaleta majembe na mifereji. Wafugaji wakafundishwa kulima vitunguu, mahindi na nyanya. Kulikuwa na huruma ya kweli katika kazi ile, nasi twamshukuru Mungu kwayo. Hata hivyo twaona kasoro moja. Wafadhili walitaka mfugaji awe mkulima milele. Yeye alitaka apate mbuzi tena. Wengi walipouza vitunguu walinunua mbuzi, na mbuzi wakizaa wakanunua ng'ombe, na wageni wakalalamika kwamba watu hawa hawajali mashamba. Sisi hatuwalaumu. Shamba lilikuwa daraja, na mtu hajengi nyumba juu ya daraja.

Wakati huohuo nchi ya malisho ilipungua. Mbuga ya Meru ilitangazwa mwaka wa 1966, katikati ya vita, na Hifadhi ya Bisanadi, iliyo jirani na Kinna, mwaka wa 1979. Wanyama wa Mungu nao wahitaji mahali, hatukatai. Lakini mchungaji wa Kinna akitazama kusini katika kiangazi, huona majani asiyoruhusiwa kuyalisha. Akitazama magharibi huona mashamba ya Wameru yakishuka mlima. Ugomvi wa mpaka na malisho kati ya pande hizi mbili ni wa siku nyingi, na damu imemwagika.

Katika Mwanzo sura ya 26 twasoma habari za Isaka, naye alikuwa mfugaji. Wafilisti walikuwa wameviziba kwa udongo visima vya baba yake, akavichimbua tena na kuviita kwa majina yale ya kwanza. Kisha watumishi wake wakapata maji mapya, wachungaji wa Gerari wakayagombania, akakiita kisima Eseki, yaani ugomvi. Wakachimba kingine, wakagombana tena, akakiita Sitna, yaani uadui. Cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, kwa kuwa sasa kulikuwa na nafasi. Mzee wa Kinna hahitaji mhubiri amweleze sura hiyo. Anajua visima hupewa majina namna gani.

Tena wazee wale wana utaratibu wao, ulio mkongwe kuliko ofisi zote za Isiolo. Baraza la malisho huitwa dedha. Ndilo linalosema mahali gani palishwe wakati wa mvua, mahali gani wakati wa kiangazi, na mahali gani pasiguswe mpaka ukame mkali ufike. Penye maji kuna aba herega, ambaye hupanga zamu za kunywesha. Mgeni akija na mifugo yenye kiu huomba, naye husikilizwa. Tangu miaka ya 2010 mabaraza ya dedha yamepewa nguvu tena, na Kinna imekuwa miongoni mwa zilizotangulia. Ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, uliujaribu utaratibu huo vikali, kwa kuwa wenye kuomba walikuwa wengi na majani hayakuwapo.

Sasa twasema na ninyi mlio juu, makutaniko ya Maua na ya vijiji vyote vya Nyambene. Maji ya Kinna huanza kwenu. Msitu ukikatwa, na vijito vikigeuzwa vyote kuingia mashambani, mwenye kupungukiwa ni yule asiyeonekana, aliye chini, asiyesali katika nyumba yenu. Wazee wa kanisa wenye kukaa katika kamati za maji za mlimani waweza kuuliza, kabla ya bomba jingine kuwekwa, kama wazee wa dedha wamekwisha kuitwa katika mkutano. Safari ya kuja si ndefu. Wakifika watawasalimu kwa neno lao, nagaa, maana yake amani, nanyi mwaweza kuwajibu kwa neno lilo hilo.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutaufuata mto Waso mpaka Merti.