Mwisho Wenye Matumaini: Filamu ya Rafiki na Taswira Chanya ya Wapenzi wa Jinsia Moja katika Sinema ya Kenya

Makala haya yanachunguza nafasi ya filamu ya Rafiki (2018), iliyoongozwa na Wanuri Kahiu, katika historia ya taswira ya wapenzi wa jinsia moja kwenye sinema ya Kenya. Hoja kuu ni kwamba mgogoro ulioikumba filamu hiyo ulihusu zaidi namna hadithi inavyomalizika kuliko kuwapo kwa wahusika hao kwenye skrini.

Suala la mwisho wa hadithi lina historia ndefu. Nchini Marekani, Kanuni ya Hays, iliyosimamiwa kwa ukali kuanzia mwaka 1934, ilipiga marufuku uonyeshaji wa mapenzi ya jinsia moja. Ilipolegezwa mwaka 1961, wahusika hao walianza kuonekana waziwazi, lakini wengi waliishia katika kifo au fedheha. Katika The Children's Hour (1961), kwa mfano, Martha anajiua baada ya kukiri mapenzi yake. Mwaka huohuo, filamu ya Uingereza, Victim, ilimwonyesha wakili mwenye heshima anayehatarisha cheo chake ili kuwafichua watu wanaojipatia fedha kwa kuwatisha wapenzi wa jinsia moja. Sheria ya Uingereza na Wales ililegezwa mwaka 1967. Kenya, iliyopata uhuru mwaka 1963, ilibaki na Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, ambayo kifungu chake cha 162 kinaweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14.

Katika mazingira hayo, mwaka 2014 kikundi cha wasanii cha The Nest kilitoa Stories of Our Lives, filamu ya hadithi fupi tano iliyoongozwa na Jim Chuchu na kutokana na simulizi za Wakenya wenyewe. Ilizinduliwa Toronto, kisha ikapigwa marufuku nchini Kenya.

Rafiki ilifuata miaka minne baadaye. Filamu hii, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, inawahusu Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana jijini Nairobi. Jina lenyewe lina uzito, kwa kuwa wapenzi wa aina hii mara nyingi hulazimika kutambulishana kama marafiki tu. Uchanya wa taswira hautokani na kufichwa kwa mateso: wasichana hao wanapigwa na umati, na Ziki anapelekwa London. Hata hivyo, baba yake Kena anasimama na bintiye, na tukio la mwisho linaacha mlango wazi kwa wapenzi hao kukutana tena.

Mwezi Aprili 2018, Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku filamu hiyo. Kwa maelezo ya Kahiu, bodi ilitaka mwisho ubadilishwe ili Kena aonyeshe majuto, naye akakataa. Mwezi uliofuata, Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Mwezi Septemba, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku 7, watu wazima wakaitazama Nairobi katika kumbi zilizojaa. Mwezi Aprili 2020, Mahakama Kuu iliidhinisha marufuku hiyo.

Mfuatano huu unaonyesha kuwa taswira chanya haiwezi kupimwa kwa wema wa wahusika peke yake. Kipimo kingine ni mustakabali ambao hadithi inawapa. Mhusika anayeadhibiwa au kujuta anaiacha kaida ya jamii mahali pake, ilhali mhusika anayebaki hai, anayefanya kazi na kusubiriwa na ampendaye, anaihoji. Bodi ilililenga jambo hilo, na kwa kulilenga ilithibitisha kwamba dakika chache za mwisho ndizo zilizobeba uzito mkubwa wa filamu nzima.